Mawazo ya kujiua ya miaka mingi hayaingii kwenye dodoso la wiki mbili

Kuna dodoso la sonona linaitwa PHQ-9, linatumika kliniki na kwenye tafiti nyingi sana duniani. Swali la 9 linauliza kama ndani ya wiki mbili zilizopita umewaza bora ungekufa au ujidhuru, na ukitiki "karibu kila siku" unapata 3. Sasa mtu aliyeanza kuwaza hivyo mwezi jana baada ya kufiwa anapata 3, na mwingine aliyeishi na hayo mawazo tangu sekondari, leo ana miaka arobaini, analea watoto na kazini anakwenda, naye anapata 3. Fomu haioni tofauti, hapo ndo mimi nagoma.

Wanaosema kila jibu la "ndiyo" ni dharura wana hoja. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kuzoea mawazo hayo siyo kinga, kuna walioyabeba miaka na mwisho wakafa kweli. Daktari gani atacheza kamari?

Ila mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 365 za miaka 50 wakakuta uwezo wetu wa kutabiri nani atajiua umezidi kidogo tu kurusha shilingi, miaka hamsini jamani! Na wanaowauliza watu kwa simu mara kadhaa kwa siku wamekuta mawazo yanapanda na kushuka ndani ya masaa, sasa tiki moja ya wiki mbili itakwambia nini? Halafu mtu aliyewahi kusema ukweli akaishia kulazwa kwa nguvu, safari nyingine ataandika "hapana" na kutabasamu, kwa hiyo data inawakosa walewale tunaotaka kuwaelewa. Na hofu kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo, tafiti haziiungi mkono.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia aliyebuni DBT, tiba ya mazungumzo na ya kujifunza kumudu hisia kali, kwa watu wanaoishi na mawazo haya, mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alipitia humo.

Mimi ningeongeza maswali matatu: yalianza lini, nini kimekushikilia hadi leo, na leo yana tofauti gani na siku zako za kawaida? Hilo la tatu hata wale wanaosema kila "ndiyo" ni dharura wangelipenda, maana mtu akisema leo siyo kama siku zote, hapo asiachwe peke yake, msaada uitwe sasa hivi, na kwa hilo hatuna ubishi.