Gari jina langu, wenye gari ukoo mzima

Hivi ni nani alianzisha hizi habari kwamba mtu akinunua gari linakuwa la kwake? Kadi ina jina langu sawa, mkopo wa saccos nao una jina langu tena huo ndo umeandikwa kwa herufi kubwa, lakini gari lenyewe aisee ni la watu wa Kibosho, la majirani hapa Pasua, la kwaya ya kigango na la mtu yeyote mwenye mgonjwa KCMC. Mimi ni dereva tu. Tena dereva wa bure, maana hata yule wa bajaji pale Mbuyuni ukishuka unamlipa.

Na yalianza kabla hata sijanunua. Moshi hii wewe sema tu "natafuta gari", hapo hapo kila mtu anageuka mtaalamu. "Mangi usichukue IST, ile ni baby walker, ni gari ya madada", anayesema hivyo ana toyo ya mkopo na ina marejesho kila jioni. Mwingine, "chukua Subaru bwana, mwanaume gari lazima iungurume", haya na wese utaniwekea wewe? Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta wewe unaendelea na chai yako, mimi ndo nakaa nimeshika shavu. Shemeji yangu yeye akaja na la kwake, "si ungejibana kidogo ukachukua Noah, tungeenea wote". Tungeenea! Hela ya mmoja, kuenea wote.

Halafu lile suala la kuagiza. Kwenye simu gari la Japani linang'aa, wamelipiga picha kila upande mpaka uvunguni, bei ya dola kidogo tu unasema mbona rahisi, kumbe hapo bado meli, bado bima ya njiani, na likigusa bandari Dar ndo gharama zinaanza kujitambulisha moja moja. Ushuru wa forodha huyu hapa, ushuru wa bidhaa huyu hapa, VAT asilimia 18 huyu hapa, na hawakokotoi kwa ile hela uliyolipa wewe, wana thamani yao kwenye mfumo. Mwisho kabisa anakuja mmoja anaitwa uchakavu, huyu ni wa magari yenye umri mkubwa. Sasa hizi IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007, unategemea nini? Yaani gari kazeeshe mzee wa Kijapani huko anaendea sokoni taratibu, faini ya uzee alipe mtu wa Pasua.

Haya likafika. Sijazima hata injini jirani kashasoma pleti namba. Watu wa hapa hawaangalii gari bwana, wanasoma herufi. Ukija na la mkononi namba C, zile za zamani, wanakuonea huruma, "pole, utakuja kupata zuri", ukija na namba E, hizi mpya, hakuna hongera wala nini, anasema "Eee, kumbe hela ipo", na kesho yake asubuhi kabla hujanawa uso anagonga geti ana shida ya ada ya mtoto.

Kitu kingine ni kwamba hili gari linaongea. Ukiwasha tu anatoka mama wa Kijapani kwenye skrini anasema maneno marefu kwa adabu kubwa, nadhani anauliza kadi ya barabara za kulipia za kwao, mimi nitaitoa wapi na ninaenda Kiboriloni? Bi mkubwa wangu alivyopanda mara ya kwanza akamjibu kabisa, "asante mwanangu, Mungu akubariki". Tangu siku hiyo akipanda lazima wasalimiane. Redio nayo ilikuja inaishia 90, ndo masafa ya FM ya kwao huko, stesheni za kwetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo unamtafuta fundi akufungie ekspanda ili bi mkubwa apate mapambio. Akishapata mapambio hashuki. Mmefika, mmepaki, yeye anasema ngoja huu wimbo uishe.

Mafundi sasa. Kila mtu ana "fundi wangu" na ukienda kwa fundi wako wewe ananuna. Baba mdogo akanipeleka kwa wa kwake, gari lilikuwa linagonga mbele kulia ukipita kwenye tuta. Fundi akazunguka, akaminya bampa kwa kiganja, akainamisha kichwa akasikiliza, akaminya tena, akafumba macho kabisa mpaka nikadhani anasali, akasema "bushi". Tukanunua bushi. Dukani unaulizwa unataka ya Mchina au yustu, yaani iliyotumika, ya Japani, ukiuliza bei ya hiyo ya Japani unajikuta umeshakuwa rafiki wa Wachina. Ikafungwa, gari likagonga vile vile. Akarudi, akaminya, akasema "hii sasa ni boli joint, ila bushi nayo ilikuwa njiani kufa kwa hiyo sio hasara". Sio hasara kwa nani? Halafu akalichukua "kulitest", test ya saa mbili, limerudi siti ya nyuma kuna majani ya ng'ombe. Nikimwangalia baba mdogo na yeye anaangalia saa.

Safari ya Arusha usiseme. Ni kama kilomita 80 tu, ila vijijini vibao vya 50 vimejipanga na tochi zinakusubiri vichakani. Abiria wangu wa lifti hawataki kujua, "kanyaga bwana tumechelewa msiba, mbona unaendesha hivi". Ukikanyaga ukasimamishwa, imeandikwa 30,000, ghafla gari zima linakuwa na watu wasiofahamiana. Mmoja anatafuta kitu kwenye pochi, mwingine anasifia mlima Meru leo umefunguka vizuri. Meru! Mlima upo hapo tangu enzi, leo ndo umeuona?

Lakini yote hayo afadhali kuliko Disemba. Disemba watu wa Dar wanapanda kuja kuhesabiwa, na kaka yangu mmoja anakuja na V8 nyeusi, hiyo ndo kwanza inaogeshwa ikifika, inafunikwa turubai uani. Kwenye mizunguko ya ukoo sasa, mchanga wote na matope ya kupanda kule juu, nikasikia shangazi anasema "achukue ya huyu wa hapa, ya kwake imeshazoea vumbi". Gari yenye siisii 1300 inabeba shangazi wawili wenye miili yao, mikungu ya ndizi, tenga, na mbuzi kwenye buti. Kwenye kilima inalia mpaka nyie mnashuka kusukuma, mnaobaki ni mimi na mbuzi. Na kuna ndoo ya mbege, kila mwaka wanasema "imefunikwa vizuri", na kila mwaka inamwagika kwenye kapeti. Mbege ikikauka kwenye kapeti mpaka Pasaka unanuka kilabu, trafiki akikusimamisha ukashusha kioo anakuangalia kwanza machoni ndo akuombe leseni. Nimepulizishwa kile kidude, kikasoma sifuri, bado akaniambia nipulize tena.

Na V8 imekaa uani inaogeshwa.

Basi nikasema mimi nauza. Dalali akaja, akalizunguka, akavuta pumzi akiwa amefungua mlango wa nyuma, akauliza "hapa mlikuwa mnafuga?", akataja bei ambayo hata ushuru haifikishi. Hata hatujabishana vizuri simu ikaita kutoka Kibosho, baba mkubwa. Sijui nani alimpa habari, maana nilimwambia mke wangu tu.

"Nasikia unauza gari letu."

Shikamoo baba, nikasema, hapana, nauza la kwangu.

"Na kikao hakijakaa?"

Kimepangwa Jumapili baada ya misa ya pili. Nimeambiwa nisichelewe, na nitoke mapema na gari kwa sababu kuna wazee wanne wa kupitia njiani.