Taka Zangu Zimepata Mwekezaji

Jamani nisikilizeni nyie maana humu ndani mwangu hakuna anayenisikiliza tena. Sisi watu wa Mtwara habari ya kubinafsishwa sio ngeni kwetu, tulishaviona viwanda vya korosho, yale majengo makubwa yaliyojengwa kwa mikopo ya nje miaka ya sabini mpaka themanini, baadae vikauzwa, wawekezaji wakaja, tukashangilia weee, ukipita leo vingi vimebaki maghala tu, korosho inalala mle na maganda yake inasubiri meli iende India au Vietnam ikabanguliwe na watoto wa watu wengine. Basi na hizi taka zetu ndo safari hiyohiyo, zimebinafsishwa na zimegeuka ghala, tofauti ni kwamba ghala lenyewe liko nyuma ya choo changu.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa fedha ulipoanza Julai tukaitwa mkutano wa mtaa, na mi ukisikia nimeenda mkutano wa mtaa jua nimeambiwa kuna soda. Soda hakuna. Mwenyekiti akasimama anasema ndugu wananchi tumepiga hatua, kuanzia sasa taka za majumbani atazoa mzabuni, kijana ana mtaji ana gari ana mfumo. Hapo kwenye mfumo ndo ningeshtuka mapema. Nchi hii kitu kikishawekewa mfumo ujue wewe ndo unakwenda kulipa. Mwalimu mstaafu jirani yangu akanyoosha mkono akasema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema taka ni jukumu la serikali za mitaa, hata wakimkabidhi mtu mwingine toroli jukumu linabaki kwao, mwenyekiti akamwambia mwalimu asante sana kwa mchango wako mzuri, na ukishaambiwa mchango wako mzuri mkutanoni ujue umezikwa hapohapo.

Zamani ilikuwa trekta. Bovu, sikatai, lina trela lake la bati, likipita barabarani nusu ya taka inarudi chini lakini lilikuwa linakuja, na lilikuwa halichagui, lilikuwa linazama mpaka kwenye vichochoro vyetu ambako hata bodaboda wanasali kwanza. Na wale waliokuwa juu ya trela tulikuwa tunawajua mpaka wake zao. Mmoja ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu kabisa, tumbo moja. Alianza kibarua akapigishwa kibarua miaka mingi mpaka siku akapata barua ya ajira ya kudumu, siku ile ukweni kulichinjwa mbuzi utafikiri kateuliwa balozi. Na alikuwa na haki bwana, kazi ni taka lakini karatasi ni za serikali, ana kadi ya bima ya afya yeye na mkewe na wategemezi wanne, mshahara unakatwa asilimia 3 mwajiri anaweka nyingine 3, pensheni anakatwa 5 mwajiri anaweka 15, likizo ya malipo anayo, chama cha wafanyakazi wanamkata nacho anakilaani kila mwisho wa mwezi lakini yumo. Mama mkwe ametibiwa presha kwa ile kadi. Nasema hivi nikijua kabisa kwamba kadi ileile nilikuwa naionea wivu.

Alipokuja mzabuni wale wa kudumu huwezi kuwafukuza kirahisi, sheria inauma, kwahiyo wakatawanywa. Shemeji kapelekwa kulinda uwanja wa kupaki magari ya taka. Magari hayapo. Lile trekta ndo lilishazimika, anakaa pale kwenye kiti cha plastiki analinda mafuta yaliyomwagika chini, asubuhi anasaini daftari jioni anasaini daftari, mtu aliyezoea kurusha kiroba juu ya trela kwa mkono mmoja leo tumbo limemtoka na anasema anaumwa mgongo kwa kukaa. Huyo ndo mwenye bahati lakini.

Wale vibarua ambao barua ya ajira walikuwa wanaiota tu, wao waliambiwa nendeni kwa mzabuni atawachukua. Na kweli kawachukua, sio wote, kachukua wachache anaona wanatosha. Gari ni nyingine, sura ni zilezile, amewavalisha reflekta mpya za kijani ila gambuti hakuna, glavu hakuna, mkataba hakuna, malipo ya siku kwa siku, na gari likiharibika siku hiyo hamna hela. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ukiwauliza wanacheka. Kisheria mwajiri binafsi na mfanyakazi wake kwa pamoja wanatakiwa wapeleke asilimia 20 kule, sasa utapeleka asilimia 20 ya nini kwa mtu ambae hata jina lake humuandiki popote. Kijana mmoja kakatwa na chupa mguuni hapa mbele ya nyumba yangu, damu inatoka, dereva anamwambia tia mafuta ya taa twende tuna ruti. Mke wangu ndo kamfunga kwa kipande cha khanga. Khanga yenyewe niliinunua mimi, lakini hilo tuliache.

Na yule mama anaefagia barabara ya kwenda Feri! Walikuwa wanafagia wakiwa watatu, wanapiga soga, wanasutana, barabara inang'aa. Sasa yuko peke yake kipande chote kilekile, na fagio ananunua mwenyewe. Nikamuuliza mama vipi wenzako, akanijibu kwa lafudhi yetu ileile, "Nwanangu, wenzangu wamepunguzwa, na nimi nikizeeka ntapunguzwa, wee pita tu usinikanyagie taka zangu." Nikapita. Ungefanyaje.

Sasa njoo kwenye huduma yenyewe. Mzabuni sio mjinga, yeye anaishi kwa ada, kwahiyo gari linaonekana Shangani kule kwenye lami na mageti, watu wanalipa kwa simu bila kelele. Huku kwetu gari halishuki, linasimama kule barabarani linapiga honi alfajiri watu wamelala, unatakiwa utoke mbio na kiroba kichwani na kanzu ya kulalia, ukifika limeondoka, na umeonekana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwahiyo taka tunaweka kwenye salfeti, na msimu wa korosho ukiingia salfeti na magunia humu ndani yanalindwa kuliko mimi, ukichukua moja ukatia maganda ya mihogo mke wangu anafungua kesi.

Ada sasa. Ada haikosi hata siku moja. Gari linaweza lisije wiki, mwenye mashine ya risiti anakuja, kijana mpole kanyoa vizuri, anasema mzee unadaiwa. Nadaiwa nini? Uzoaji. Uzoaji wa taka gani, njoo nyuma ya choo nikuoneshe taka zote unazonidai ziko hapa zimekaa zinanisubiri na mimi. Anasema mzee hiyo ni idara ya malalamiko, mi natoa risiti tu. Basi nimechimba shimo, nazika taka zangu mwenyewe kwa jembe langu mwenyewe, kuku wanafukua nazika tena, halafu nalipia. Yaani nazoa mimi, nalipa mimi, na reflekta sina.

Kituko chenyewe kilikuwa kwa jirani yangu Bi Mkubwa. Si mnajua kwake anakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, msimu ukifika pale kwake ni uraka, pombe ya mabibo, kwenda mbele, na wateja wake wengine ni watu wenye heshima zao sitaki kuwataja. Makapi ya mabibo yakikaa siku mbili nzi wanahamia mtaa mzima na harufu unaweza kulewa ukiwa umefunga. Siku gari limekuja kwa bahati, Bi Mkubwa katoa viroba vyake, vijana wakagoma, wameelekezwa na bosi kwamba hizo ni taka za biashara zina ada yake. Akasema biashara gani mie nakula mabibo. Wakamwambia Bi Mkubwa viroba vyote hivi umekula wewe? Akasema ndio, nyie mnanipangia chakula? Tukakusanyika. Mwalimu akaanza kueleza tofauti ya taka za nyumbani na taka za biashara, mtu akamwambia mwalimu asante kwa mchango wako mzuri. Ikaishia dereva kapewa kikombe cha uraka pembeni, viroba vikapanda, na makapi ya mabibo yakarudi kuwa taka za nyumbani.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi zamani ilikuwa peponi. Ukienda kumuuliza baba mdogo wangu aliyekaa Buguruni atakuambia Dar kabla ya hayo makampuni taka zilikuwa zinafika dirishani, jiji limeshindwa kabisa, ndo mwaka 1994 wakaipa kampuni moja kata kumi za katikati ya mji, na tabu ya kwanza ikawa hiihii, watu kulipa hawataki, baadae wakaongeza makampuni mengine na vikundi vya mitaani wakagawana kata. Kwahiyo wenzetu wamehangaika nalo toka enzi hizo. Ila mi swali langu ni dogo tu. Mwaka 2018 serikali ilisema itanunua korosho yetu yote kwa 3,300 kilo, na likaletwa jeshi, JWTZ wenyewe na malori yao, korosho ikabebwa toka vijijini mpaka maghalani. Korosho imebebwa na mwanajeshi! Halafu kiroba changu cha maganda ya ndizi kinasubiri mzabuni.

Wiki iliyopita mwenyekiti kaitisha mkutano mwingine, safari hii sikwenda nilimtuma mke wangu, na hapo ndo nilipozidiwa ujanja. Huko kumbe limezuka wazo kwamba mzabuni analalamika vichochoro vyetu havimlipi, kwahiyo mtaa uunde kikundi chake, kichukue mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, nunua guta la magurudumu matatu, zoa taka za ndani mpaka barabarani, mzabuni abebe kutokea pale, ada mtagawana. Kwenye hiyo kumi wanawake wana asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Mi nikapiga hesabu. Mwanamke sio. Ujana ulishaniacha toka enzi za trekta. Ulemavu sina, goti linauma tu. Yaani kwenye asilimia kumi yote mimi sina hata sifuri nukta kitu.

Mke wangu kachaguliwa mwekahazina. Bi Mkubwa mwenyekiti, na ndo mwenye taka nyingi kuliko mtaa mzima. Jana usiku tumemaliza kula ming'oko, mke wangu kavaa miwani, katoa daftari, ananiambia kikundi kinahitaji mtu wa kusukuma guta, malipo ya siku, wameangalia angalia wameona mimi nipo nipo tu. Nikamwambia mke wangu sawa, mi sikatai kazi, lakini tuelewane kabisa toka mwanzo, mkataba uko wapi? Akasema utakuja. Nikasema gambuti? Akasema si yako yale ya shamba yapo. Nikauliza na NSSF je, akanitazama juu ya miwani akaniambia hebu kamwage kwanza ile ndoo ya jikoni, tuone spidi yako.