Jicho la mwenye kisukari: sindano au leza?

Tishu ikikosa oksijeni huita mishipa mipya ya damu. Kidonda hupona kwa njia hiyo, na saratani huitumia vilevile: mwaka 1971 Judah Folkman alieleza kwamba uvimbe usiopata mishipa yake hukwama ungali mdogo, milimita chache tu. Ndani ya jicho la mwenye kisukari, mishipa midogo ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) huziba, seli zenye njaa ya oksijeni hutoa protini ya kuita mishipa iitwayo VEGF, na mishipa inayoota ni dhaifu mno. Huvuja, hupasuka, na mgonjwa huona weusi kama masizi yanayoelea.

Bevacizumab, dawa ya sindano, hunasa VEGF hiyo. Marekani iliipitisha mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Jichoni hutiwa miligramu 1.25 tu katika mililita 0.05. Unafuu wa bei yake umetoka hapo, maana chupa ya mililita 4 hugawiwa watu wengi. Hatari nayo imo humo humo: vijidudu vikiingia wakati wa kugawa, chupa moja yaweza kuharibu macho ya kliniki nzima. Tena dawa yataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na joto la Mombasa halingoji umeme urudi.

Wanaoipigia debe sindano wana hoja. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015, uliotumia ranibizumab, dawa ya jamii hiyo hiyo, ulikuta kwamba baada ya miaka 2 waliodungwa waliona sawa na waliopigwa leza, na uoni wao wa pembeni haukupungua kama wa hao wa leza. Kwa mvuvi wa usiku au dereva wa matatu, pembeni ndiko kwenye riziki.

Ila sindano hunyamazisha wito tu; njaa ipo palepale. Wiki chache zikipita dawa huisha, na mgonjwa wa Msambweni, kusini mwa Mombasa, ana nauli, kivuko cha Likoni na siku nzima ya kazi iliyopotea. Akikosa miezi sita, anaweza kurudi retina imebanduka. Leza, yaani mwanga mkali unaochoma madoa kama 1,200 hadi 1,600 pembezoni mwa retina, huua sehemu ya seli zinazodai oksijeni. Inauma, na gizani ataona kwa shida, lakini kinga yake haitegemei yeye kurudi kila mwezi.

Kwa wagonjwa wa mbali, sisi tungeegemea leza. Penye makovu yanayovuta retina, sindano ipigwe kwa hadhari sana, kwani kovu huweza kukaza ndani ya siku au wiki chache na kuibandua. Aliyevimba katikati ya retina adungwe kwanza, maana leza ya pembezoni peke yake huweza kuuzidisha uvimbe huo. Leza ifuate baada ya wiki moja au mbili, tarehe iandikwe kwenye kadi kabla hajaondoka.