Mwalimu wa kompyuta asiyejua kunyamaza

Vyuoni hapa Dar, kuanzia Mlimani mpaka DIT, kijana akikwama kwenye zoezi la kuprogramu zamani alikuwa anaulizia nani ameshalimaliza, analidesa usiku, asubuhi anakusanya. Siku hizi anaangalia kwanza bando limebaki kiasi gani. Likiwepo, anabandika swali kwenye ChatGPT, programu nzima inashuka, anakusanya, maksi anapata. Kudesa kuko pale pale, aliyebadilika ni anayedeswa.

Mimi akili mnemba naitumia kazini kila siku na sina mpango wa kuiacha. Kinachonikera ni sifa zinazomwagwa kwenye makongamano na kwenye matangazo ya kozi, kwamba sasa kila mwanafunzi ana mwalimu wake binafsi mfukoni, usiku na mchana, tena wa bure. Huyo mwalimu binafsi wa kompyuta si mgeni. Watafiti wamehangaika naye kwa zaidi ya miaka arobaini, na baadhi ya majaribio yake ya mwanzo kabisa yalifanyika kwenye somo hili hili la kuprogramu. Waliyoyagundua ndiyo hasa ambayo hizi chatiboti, yaani programu za kuongea nazo kama ChatGPT, zikiachwa zilivyo, hazifanyi.

Chukua tatizo la mvua. Miaka ya 1980, Elliot Soloway na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa wanafunzi zoezi linaloonekana la kitoto: soma namba za mvua ya kila siku, moja baada ya nyingine, ukikutana na 99999, acha, halafu toa wastani. Wengi walilikosea. Soloway na Lewis Johnson wakatengeneza mfumo ulioitwa PROUST, ambao kazi yake ilikuwa kusoma programu ya mwanafunzi, iliyoandikwa kwa lugha ya kuprogramu ya Pascal, na kukisia alikuwa amekusudia kufanya nini hata akaandika vile alivyoandika. Haukuishia kusema umekosea mstari wa saba. Ulitafuta njia iliyompeleka kwenye kosa. Kwa kompyuta za wakati ule, hiyo ilikuwa kazi nzito kweli kweli.

Na wala tusidhani tatizo lilikuwa la kizazi kile. Mwaka 2001 kundi la watafiti likiongozwa na Michael McCracken lilichapisha matokeo ya wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne, katika nchi zaidi ya moja, waliokuwa wameshamaliza masomo yao ya mwanzo ya kuprogramu. Walipewa kazi ya kutengeneza programu za kikokotoo. Wastani wao ulikuwa maksi 22.89 kati ya 110. Wala hao hawakuwa na kisingizio cha kukaa watano kwenye kompyuta moja.

Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa kwanza. Alipokuja Sinza kunisalimia nikampa zoezi lile lile la mvua, alifanye kwa Python, lugha ya kuprogramu ya siku hizi. Nilienda kuoga, niliporudi lilikuwa limekamilika, limepangwa vizuri, na lupu yake (kile kipande kinachojirudia mpaka sharti liache kutimia), na maelezo ya Kiingereza safi pembeni.

“Mjomba, inarun.”

“Naona. Sasa nikiuchukua huu mstari wa kusoma namba, ulioko mwisho wa lupu, nikaupandisha juu ya ule wa kujumlisha, nini kitatokea?”

“Itarun tu.”

Tukaupandisha. Tukaingiza 12, 0, 30, kisha 99999. Ikarun kweli. Ikatupa wastani wa milimita 33,343 kwa siku. Mvua ya namna hiyo hata Jangwani, bonde la mafuriko hapa Dar, haijawahi kuiona.

“Imeharibika,” akasema. Nikamuuliza imeharibika wapi. Akashika simu, akainakili upya ile ya kwanza, akaibandika, ikatoa 14, akanigeuzia skrini nione. Kwake yeye jambo limekwisha.

Ile namba ya ajabu imebeba makosa mawili kwa pamoja. Mvua ya siku ya kwanza imepotea, kwa sababu imesomwa halafu ikafunikwa na ya pili kabla haijajumlishwa. Na 99999, ambayo ni alama tu ya kusimamisha, imejumlishwa kana kwamba ni mvua. Kijana hakuliona la pili kwa sababu aliamini lupu hukatika papo hapo sharti linapoacha kutimia, hata kama iko katikati ya kazi. Kumbe sharti linaangaliwa pale juu tu, mzunguko unapoanza upya. Soloway na Jeffrey Bonar waliliandika kosa hili mwaka 1985. Kijana wangu hajawahi kulisikia jina la mmoja wao, lakini kosa analo kamili, na ile programu iliyoshushwa na simu haikumgusa hapo hata kidogo. Ingemgusaje, na hakuandika yeye?

Tuje Pittsburgh, huko huko Marekani. Pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, John Anderson alikuwa na nadharia yake kwamba ujuzi wa kazi fulani unaweza kuvunjwavunjwa kuwa kanuni ndogondogo: ukitaka hiki, na hali iko hivi, fanya hivi. Yeye na Brian Reiser na wenzao wakaunda LISP Tutor, mwalimu wa kompyuta wa lugha ya kuprogramu ya LISP, iliyoanza kutumika darasani mwaka 1984. Ndani yake waliweka kanuni sahihi za kuandika programu za LISP, na pembeni wakaweka kanuni za makosa, yaani makosa ambayo wanafunzi halisi huyafanya. Mwanafunzi akiandika kipande, mfumo unalinganisha na kanuni zake zote. Kikiwa kwenye njia sahihi, unanyamaza. Kikifanana na kosa linalojulikana, unamshika hapo hapo na kumwambia kwa nini.

Baadaye, mwaka 1995, Albert Corbett na Anderson walieleza namna ya kukadiria, kanuni kwa kanuni, uwezekano kwamba mwanafunzi ameshaielewa. Hesabu yao inajua hata kwamba anayejua anaweza kuteleza na asiyejua anaweza kubahatisha. Mwanafunzi akionekana amekomaa kwenye kanuni moja, anasogezwa; bado, anaongezewa zoezi la aina ile ile. Chatiboti ya kawaida haikushikii daftari la namna hiyo. Unaiuliza swali la kumi la lupu, nayo inakujibu kwa bashasha ile ile kana kwamba ndiyo mnakutana leo.

Hii habari ya kufuatilia hatua kwa hatua ina uzito unaopimika. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chicago aliwatikisa wenzake alipoandika kwamba mwanafunzi wa kawaida anayefundishwa peke yake na mwalimu hufanya vizuri kuliko asilimia 98 ya wanaofundishwa darasani kwa mtindo wa kawaida. Mzazi wa Dar hahitaji kuambiwa mara mbili. Ndiyo maana tuisheni hazikosi wateja. Lakini Kurt VanLehn alipozikusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2011, faida ya mwalimu binadamu wa mmoja mmoja ilishuka mpaka 0.79 kwa kipimo chao (namba ikiwa kubwa, faida ni kubwa), chini ya nusu ya faida aliyodai Bloom. Na kompyuta je? Mifumo inayofuatilia kila hatua ya mwanafunzi ilipata 0.76, karibu sawa na binadamu. Ile inayokagua jibu la mwisho pekee ilipata 0.31.

Sasa jiulize zoezi la simu liko kundi gani. Mimi naona haliko hata kwenye lile la 0.31, maana huko angalau jibu lilikuwa la mwanafunzi mwenyewe.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kwa sababu unawaumbua wanafunzi wa kila nchi kwa usawa. Hii mifumo ya Carnegie Mellon ilikuwa na kitufe cha msaada, na msaada ulikuja kwa ngazi: kwanza dokezo la mbali, kisha la karibu, na mwisho kabisa jibu lenyewe. Vincent Aleven na Kenneth Koedinger walipochunguza kumbukumbu za matumizi wakakuta wanafunzi wengi wanabofya haraka haraka mpaka ngazi ya mwisho, madokezo ya katikati hawayasomi. Mwaka 2004 Ryan Baker na wenzake wakaonyesha kwamba wanaoichezea mashine namna hiyo walijifunza takriban theluthi mbili tu ya walichojifunza wenzao. Zingatia kwamba hapo jibu lilikuwa limefichwa nyuma ya ngazi kadhaa. Sisi tumelitoa sebuleni.

Watu hunijibu kwamba hayo ni ya zamani, akili mnemba ya sasa ni tofauti. Haya, twende Uturuki. Hamsa Bastani na wenzake waliwafuatilia karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari wakifanya mazoezi ya hisabati, matokeo yakachapishwa 2025. Waliopewa GPT-4, moja ya akili mnemba za ChatGPT za wakati huo, kama ilivyo, walifanya mazoezi vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wasio na kitu. Waliopewa ile iliyofungwa breki, inayotoa madokezo yaliyoandaliwa pamoja na walimu badala ya majibu, walipanda kwa asilimia 127. Kisha mashine zikaondolewa, mtihani ukaja. Kundi la kwanza likaanguka, asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa mashine. Kundi la breki halikuanguka, lakini pia halikuwapita wasio na mashine. Hiyo sentensi ya mwisho wapenzi wa teknolojia huwa wanairuka, na wapinzani nao wanairuka. Maana yake ni kwamba hata tukifunga breki vizuri, bado kazi ipo.

Ni hisabati, najua, siyo kuprogramu. Sioni sababu ya kuprogramu kutoka tofauti, hasa kwa mwaka wa kwanza.

Swali la haki ni kwa nini mifumo ile mizuri ya zamani haikufika kwetu. Sababu kubwa ni gharama. Makadirio yaliyozoeleka kwa wanaoitengeneza ni saa 200 mpaka 300 za kazi ya wataalamu kwa kila saa moja ya mafundisho. Nani angeikalia kazi hiyo kwa ajili ya Kijitonyama? Lakini tusijifanye nchi hii haijawahi kuonja. Kuanzia 2017 mpaka 2019, shindano la XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto wa vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, vikiwa na programu za kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, basi, tumeshawahi kuwa maabara ya dunia. Kwa mwanafunzi wa chuo anayelia na lupu, hatujafanya la maana.

Na sehemu iliyokuwa ghali zaidi, ile ya kuandika kanuni za makosa, sisi tunaitupa kila muhula. Kila mwaka wasaidizi wa wahadhiri wanasahihisha mamia ya mazoezi ya kuprogramu. Wanaona makosa yale yale: siku ya kwanza inapotea, 99999 inajumlishwa, mgawanyo unafanyika ndani ya lupu. Wanapiga kalamu nyekundu, wanaandika sita kwa kumi, karatasi zinaenda stoo. Zikikusanywa na kupangwa kwa aina, hiyo tayari ni nusu ya LISP Tutor. Nusu ya pili, ya kuongea na mwanafunzi, akili mnemba inaweza kuifanya kwa bei ndogo, ilimradi ifungwe mdomo.

Ifungweje? Isitoe programu nzima hata ikibembelezwa. Mwanafunzi akiomba msaada aeleze kwanza, mstari kwa mstari, anadhani nini kinatokea, na aeleze kwa Kiswahili akitaka. Mihadhara ni ya Kiingereza, lakini kwenye diskasheni chini ya mwembe watu wanaelewana kwa Kiswahili, na hapo ndipo ukweli unapojulikana nani kaelewa na nani kakariri. Felienne Hermans wa Uholanzi ametengeneza Hedy, lugha ya kuanzia kuprogramu inayotumika kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Dokezo la kwanza liwe swali. La pili lionyeshe mstari. La tatu liwe mfano wa zoezi jingine, siyo hili. Ngazi ya nne isiwepo. Atakayefika huko aende kwa mhadhiri. Na yote yakae kwenye kompyuta ya maabara, yafanye kazi bila intaneti, kwa sababu mwanafunzi mwenye bando la kutosha hatatusumbua sana, ana njia zake.

Mtihani wa mwisho uwe bila mashine, lakini hilo sidhani kama lina mbishi.

Watakaoifanya kazi hii wapo. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanazunguka wakitafuta mada ya projekti, na kila mwaka wanarudi na mfumo wa kusimamia hosteli, mfumo wa mahudhurio, mfumo wa kuazima vitabu. Wapewe mazoezi kumi ya lupu, maboksi mawili ya karatasi zilizosahihishwa, na mhadhiri mmoja asiyeogopa kuonyesha makosa ya darasa lake. Maktaba zetu kwa sasa zina mifumo ya kutosha.