Picha Moja, Miisho Miwili

Ukitaka kuwagombanisha watu wawili waliokua na picha za Kihindi, waulize Gabbar Singh, yule jambazi wa Sholay, aliishia wapi. Mmoja atasema alitiwa mbaroni: polisi walitokea dakika ya mwisho, wakamzuia Thakur, yule aliyekatwa mikono na Gabbar, asimuue. Wa pili ataapa kwamba Thakur alimmaliza kwa viatu vyake vya misumari, na kwamba alishuhudia kwa macho yake. Wote wawili wanasema kweli. Sholay ilitoka mwaka 1975, India ikiwa kwenye hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi ikalazimisha mwisho ubadilishwe. Toleo lililokwenda kwenye majumba ya sinema lina dakika 198. Toleo kamili, lenye mwisho wa awali, lina dakika 204, na lilitoka kwenye kanda ya VHS huku Uingereza mwaka 1990. Kanda za Uingereza zilikuwa za PAL, mfumo uleule wa televisheni kama za kwetu, kwa hiyo ilitosha ndugu mmoja kuitia kwenye begi la kwenda nyumbani, na mtaa mmoja ukawa na mwisho tofauti na mtaa wa jirani.

Huku ninakoishi, ukitaja picha ya zamani mbele ya watu wanaozipenda, swali la kwanza ni toleo gani. Nani alilitoa, mwaka gani, limetolewa kwenye negativu, yaani filamu ya awali iliyotoka kwenye kamera, au kwenye kopi iliyochakaa ya sinema. Nyumbani swali la kwanza ni stelingi nani na adui nani. Nasema wazi kwamba swali la huku tunalihitaji sana, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi wetu kuhusu picha za zamani haihusu picha, inahusu kanda. Lakini siwakubalii wanaosema kwamba mtazamaji wa kibanda umiza, kile chumba cha video cha mtaani, hakuwahi kuiona picha yenyewe. Aliiona, tena aliona na kusikia kitu ambacho huku hakipo.

Chukua urefu tu. Kanda tuliyoizoea ilikuwa E-180, yaani dakika 180 na chache za nyongeza. Picha ya saa tatu na robo haiingii humo. Mwenye kurudufu alikuwa na njia nne. Angeweza kutumia E-240, ambayo utepe wake ni mwembamba zaidi na hukunjamana haraka ndani ya deki iliyochoka. Angeweza kurekodi kwa LP, ambapo utepe unakwenda nusu ya kasi, picha inafifia, na deki nyingine zinagoma kuisoma. Angeweza kuigawa kwenye kanda mbili. Au angekata, na kitu rahisi kukata ni wimbo, maana wimbo ukitoka hadithi inaendelea kueleweka. Basi unapomsikia mtu anabisha kwamba wimbo fulani haumo kwenye picha, usimcheke. Haumo kwenye kanda yake.

Kuna na suala la kasi. Picha ya sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, televisheni ya PAL huonyesha 25. Njia ya kawaida ya kuihamisha ilikuwa kuikimbiza kidogo, kama asilimia 4. Picha ya dakika 120 inakwisha kwa dakika 115 na sekunde 12, na sauti inapanda zaidi ya nusu ya hatua kati ya noti mbili zinazofuatana za piano. Aliyeuzoea wimbo wa Lata Mangeshkar kwenye santuri, akiusikia kwenye video atasema sauti imekuwa nyembamba. Masikio yake yako sawa. Blu-ray ndiyo iliyorudisha fremu 24, na kwangu hiyo ni sababu kubwa ya kuinunua kuliko huo ung'avu unaosifiwa.

Maoni ya watazamaji wa huku yana nguvu yake na yana kasoro yake. Nguvu ni kwamba wanajua kutazama kioo. Wanajua kwamba zile punje ndogo zinazochemka kwenye picha ya zamani ni filamu yenyewe, si uchafu, na kwamba kampuni ikizipangusa kwa kompyuta nyuso zinakuwa kama za nta, ndevu zinafutika na kitambaa cha sufu kinaonekana plastiki. Wanajua kupima kama kichwa cha mchezaji kimekatwa ili picha ijaze kioo kipana. Kasoro ni kwamba unaweza kusoma maoni marefu ajabu kuhusu diski moja bila kukuta sentensi inayosema kama picha ilimliza mtu.

Nyumbani picha inahukumiwa hapohapo, kwa sauti. Kanuni inayojulikana ni kwamba stelingi hafi. Sasa kwenye Sholay, Jai, anayechezwa na Amitabh Bachchan, anakufa. Je, hakuwa stelingi? Stelingi alikuwa Veeru, anayechezwa na Dharmendra, kwa kuwa anabaki hai mwisho wa picha? Au stelingi ni Thakur, mwenye kisasi chake, na hawa wawili ni mikono aliyoiazima kwa kuwa yake imekatwa? Nauita huo uchambuzi halisi. Umegusa namna hadithi ilivyojengwa, na umefanywa na watu waliokaa kwenye benchi la mbao bila kusoma kitabu chochote cha sinema.

Na juu ya hilo kulikuwa na mfasiri. Kampuni ya Criterion ya Marekani ilipotoa King Kong kwenye diski kubwa ya leza mwaka 1984, iliweka sauti ya pili ambamo mtaalamu Ronald Haver anaeleza picha huku inaendelea. Mpaka leo wapenzi wa diski wanalipa zaidi ili wapate sauti ya namna hiyo. Kwetu Lufufu alikuwa akifanya kazi ya jirani na hiyo Dar es Salaam, DJ Afro anaifanya Kenya, na Kampala wapo wengi. Mfasiri anakaa na deki, mikisa na maikrofoni, anapunguza sauti ya picha, anasema ya kwake juu yake: anatafsiri, anaonya, anatania, anamwambia mtazamaji adui amejificha wapi. Huku msemaji anaeleza jinsi picha ilivyopigwa. Mfasiri wetu anaeleza inachomaanisha kwa watu waliokaa mbele yake.

Ana makosa, na lazima yasemwe. Anafunika maneno, anabadilisha majina, wakati mwingine anabuni undugu ambao haupo kwenye picha. Mtu aliyeijua picha kwa njia hiyo peke yake anaweza kutetea kisa ambacho mwandishi hakukiandika. Bado nashikilia kwamba kanda iliyotafsiriwa ni toleo linalojitegemea, linalostahili mwaka, jina la aliyelifanya na idadi ya dakika, kama diski yoyote ya huku. Tofauti ni kwamba diski za huku zina wa kuzitunza. Sholay imesafishwa kwa 4K na kuonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025, ikiwa na mwisho wake wa awali. Kanda zilizotafsiriwa ziko kabatini, na joto la pwani linazila.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mama au shangazi azitupe, fanyeni hivi.

Itazame kanda kwenye mwanga kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au madoa ya kijivu pembeni mwa utepe, hiyo ni kuvu. Usiitie kwenye deki hata kwa kujaribu, kwa kuwa deki itaichafua kanda inayofuata. Iweke peke yake kwenye mfuko, isafishwe na mtu anayejua. Kanda iliyo safi, ng'oa kwanza kile kijino kidogo cha plastiki mgongoni ili hata mtu akikosea kitufe isirekodiwe juu yake. Kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha yote mara moja, ili utepe uliogandamana kwa miaka uachane na ujikaze upya.

Deki ndiyo tatizo kubwa zaidi. Kampuni ya mwisho inayojulikana kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Hapo nyumbani tunawazidi watu wa huku. Huku deki ikigoma unaambiwa ununue nyingine iliyotumika, ambayo nayo inaweza kuwa imegoma. Nyumbani bado kuna fundi anayeweza kuifungua. Mwambie aangalie mipira kwanza. Mkanda wa mpira ukilegea, gurudumu linalopokea utepe halizunguki vizuri, utepe unamwagika ndani, na watu wanasema deki imekula kanda. Deki haikukusudia, ulikuwa ni mpira tu. Hedi, yaani visomeo vya utepe, zisafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi au ngozi laini. Pamba ya masikio isitumike, nyuzi zake hunasa. Kitambaa kishikwe kimetulia, halafu ile silinda inayong'aa izungushwe kwa kidole. Anayesugua kutoka juu kwenda chini anavunja ncha za hedi, na deki imekwisha. Utepe ukikatika, usiunge kwa selotepu ya ofisini. Gundi yake huyeyuka kwa joto na kuziba hedi; iko tepu maalumu ya kuungia.

Kuhamisha kwenyewe kunahitaji kifaa cha kunasia video cha USB. Kama deki ina tundu la S-Video, tumia hilo badala ya waya wa njano. Rekodi kwa 720 kwa 576, fremu 25, na uiache mistari ipishane kama ilivyo (interlaced). Kuilainisha ni kazi ya baadaye kwenye kopi, si kwenye faili mama. Faili isiyobanwa kwa hasara inakula takribani GB 30 hadi 40 kwa saa, kwa hiyo picha ya saa tatu inataka zaidi ya GB 90. Watu wanaogopa ukubwa huo, wanarekodi moja kwa moja kwenye DVD ya GB 4.7, na hasara yake inaonekana wakati wa mvua, vumbi na umati: picha inavunjika vipandevipande. Na DVD za kuchoma wenyewe rangi yake ya ndani hufifia kwenye joto na jua. Diski kuu mbili, nyumba mbili, ndio utaratibu ninaoutetea.

Jambo moja mafundi wengi hulipita. Kanda ya VHS inaweza kuwa na sauti mahali pawili: njia nyembamba ukingoni mwa utepe, na sauti ya hi-fi iliyozama pamoja na picha. Kitufe cha kuweka sauti juu ya kanda iliyokwisha kurekodiwa huandika ukingoni tu. Ikiwa mfasiri alikitumia, deki ya hi-fi itachagua yenyewe ile sauti ya Kihindi, na wewe utadhani tafsiri imefutika. Ingia kwenye menyu ya sauti, badili kutoka hi-fi kwenda kawaida, usikilize tena. Zikiwapo zote mbili, zinase zote mbili, kila moja na faili yake.

Picha zetu wenyewe za Kiswahili za enzi ya VCD nazo zimo hatarini kwa namna nyingine. VCD ina mistari 288 tu na dakika zisizozidi 80, ndiyo sababu moja tuliuziwa sehemu ya kwanza na ya pili. Ukiwa na sehemu zote mbili, usiziache zitengane. Tia diski kwenye kompyuta, fungua folda iitwayo MPEGAV, nakili faili za DAT zilivyo. VLC inazicheza.

Kwa anayenunua diski huku kumpelekea mtu nyumbani: DVD ya Uingereza ni ya eneo namba 2, Afrika Mashariki ni namba 5 pamoja na India, na namba hiyo imechapishwa nyuma ya kava ndani ya alama ya dunia. Mpelekee na deki isiyobagua namba. Umeme ni uleule, na plagi ya pini tatu bapa inaingia. Blu-ray ni rahisi zaidi, sisi na Ulaya wote tuko B, lakini ya India ni C. Halafu kwenye televisheni ya huyo uliyempelekea, chukua rimoti, toa ukubwa wa kioo kwenye kunyoosha na uweke 4:3 kwa picha zilizopigwa hivyo, na uzime ile kazi ya kulainisha mwendo. Mashavu yatarudi kawaida.

Na kwa wale wenye Sholay iliyotafsiriwa: msitegemee saa kujua mna toleo lipi. Matoleo mawili yanatofautiana kwa dakika 6, lakini kasi ya PAL peke yake inaweza kula 8. Pelekeni kanda mpaka mwisho, mtazame miguu ya Thakur, kisha muandike kwenye lebo kwa kalamu: polisi, au viatu.