Kabla Mgonjwa Hajaenda Nyumbani, Muulizeni Mtu wa Fizio

Wiki jana nilimwona daktari bingwa wa mifupa akimngoja mtu wa fizio, yaani wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Kasimama kwenye korido ya wodi, kompyuta kwapani, hajanuna, hatazami saa. Mgonjwa wao ni mzee aliyevunjika nyonga. Upasuaji umekwenda vizuri, kidonda kikavu, presha iko sawa. Limebaki swali moja ambalo daktari hana jibu lake: huyu mzee ataweza kupanda ngazi za kwake? Yule dada wa fizio, ambaye sidhani kama amegonga miaka thelathini, akasema za kuingilia mlangoni anazimudu, za kwenda chumbani bado, aongezwe siku mbili. Daktari akaandika siku mbili, akashukuru, akaenda zake.

Nilifurahi. Kabla sijafika kwenye lifti nikapandwa na hasira. Mliofanya kazi kwenye wodi za kwetu mnajua hasira hiyo ilitoka wapi.

Niko Pittsburgh, Marekani, nasomea PhD ya sayansi ya utengamao, yaani elimu ya kumrudishia mtu uwezo wake baada ya ugonjwa au ajali. Mji wenyewe ni wa vilima, una ngazi za umma zaidi ya 700 zinazounganisha mitaa ya juu na ya chini, kwa hivyo mtu akikuuliza kwako kuna ngazi ngapi hakuulizi kwa adabu tu. Jibu lako ndilo linaloamua unalala wapi usiku huo.

Kwetu Kisumu anayeulizwa tunamjua. Ni keshia.

Baba wa watu amepata kiharusi, upande wa kulia umelala. Raundi ya asubuhi inapita, anaambiwa amepata ruhusa. Kuanzia dakika hiyo mazungumzo yote ni ya bili. SHA, bima ya afya ya serikali, imelipa ngapi, imekataa nini. Grupu ya WhatsApp imefunguliwa, mweka hazina ni mjomba wa Nairobi, namba ya paybill ya kuchangia kwa simu imetumwa, hata yule shemeji aliyenuna tangu matanga ya mwaka juzi ametuma mia tano. Bili ikilipwa, geti linafunguliwa na mzee anaingizwa kwenye probox kama alivyo. Isipolipwa, anaendelea kulala pale pale mpaka mgongo unaanza kutoka vidonda, ingawa Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2015, katika kesi ya kina mama waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kuvunja Katiba. Katika watu wote hao, wa hospitali na wa familia, hakuna hata mmoja aliyeuliza choo cha huyu mzee kiko wapi.

Mimi nitawaambia kiko wapi. Kiko nyuma ya migomba, na kama boma ni la huko bonde la Kano, nje ya Kisumu, mvua ya Aprili ikishuka ule udongo mweusi unashika kiatu na kukataa kukirudisha. Ni choo cha shimo, cha kuchuchumaa. Sasa mtu ambaye goti moja halimtii atachuchumaa vipi? Hachuchumai. Anaacha kunywa maji ili asiende, anaacha kula vizuri, na baada ya muda mnasikia amerudishwa hospitali na kila mtu anashangaa kwamba alikuwa ameanza kupata nafuu.

Utafiti wangu, kwa ufupi, ni huo. Vipimo tunavyofundishwa huku ni vizuri, sivikejeli. Kile cha Barthel cha mwaka 1965 kinauliza kama mtu anapanda ngazi, anaoga mwenyewe, anahama kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Kile cha Berg kinapima usawa wa mwili kwa majaribio 14, na alama za juu kabisa ni 56. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomwambia mtu, hebu chuchumaa nikuone, halafu uinuke bila kushika kitu. Mzee anaweza kupata alama nzuri hapa Pittsburgh na akashindwa siku ya kwanza kule Ahero.

Na tulikuwa na dawa yake! Hapo ndipo kiburi changu kilipo, na sitaomba radhi. Nilipokuwa kazini Kisumu, mama mmoja wa kitengo chetu, mtu wa diploma aliyeshika kazi tangu sisi tukiwa shule ya msingi, alikuwa na fundi wake soko la Kibuye. Unampelekea kiti cha plastiki, vile vyeupe vya mikutano. Anachora duara katikati, anapasha kisu kwenye makaa, anakata polepole huku moshi ukimtoa machozi, kisha anasugua kingo kwa msasa mpaka ukipitisha kidole hakikwaruzwi. Miguu ya kiti anaipigilia kwenye ubao mpana ili isiteleze kwenye simiti iliyolowa. Kiti kinawekwa juu ya shimo, mzee anakaa kama chifu. Gharama yake haifikii nauli ya mjomba kutoka Nairobi. Na kwa watoto wenye mtindio wa ubongo tulitengeneza viti vya kukalia kwa maboksi, magazeti na gundi ya uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, vikikauka jua kali vinakuwa vigumu kama mbao. Teknolojia hiyo ya karatasi imetoka Zimbabwe, si Ulaya.

Nilimwonyesha profesa wangu picha za kile kiti cha fundi. Akaniuliza kama imeandikwa mahali jinsi kinavyosaidia na kinamfaa mgonjwa wa aina gani. Hakuna mahali. Yule mama anajua yote, lakini hakuna aliyewahi kumwomba aandike, na akistaafu anaondoka nayo.

Najua kuna atakayesema huyu amekula baga mbili tayari anatufundisha kuishi. Ndugu yangu, mimi nimeinua wazee kwa mgongo huu huu, kwenye wodi ambayo tulikuwa wawili na wagonjwa hawahesabiki, na ofisi yetu ilikuwa nyuma, jirani na mochari, mpaka wagonjwa wengine wakikaribia mlango walitusalimia kwa wasiwasi. Sijasahau. Nisiposema ndipo ningekuwa nimewadharau.

Mwingine atasema huko kuna pesa. Ni kweli, zipo. Lakini msidhani huku ni peponi. Mgonjwa wa kiharusi akihitaji hospitali ya mazoezi makali, ile ambayo kwa kawaida anafanya tiba saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, mtu wa fizio anapendekeza, daktari anatia sahihi, halafu kampuni ya bima inasema hapana. Wakaguzi wa serikali yao wenyewe walichunguza mwaka 2022 bima za kampuni binafsi zinazohudumia wazee chini ya Medicare, mpango wa serikali wa bima ya wazee, wakakuta kati ya maombi yaliyokataliwa, asilimia 13 yalikuwa yametimiza masharti yote. Kwa hivyo keshia yupo hata huku, ila anakaa mji mwingine na mgonjwa hajawahi kumtia machoni. Tofauti ni kwamba neno la mtu wa fizio limeandikwa kwenye faili, na familia ikikata rufaa hilo ndilo linalosomwa.

Tena huku wana shida ambayo kwetu ingeonekana mzaha. Swali la pili baada ya ngazi ni, nyumbani kuna nani? Nimemsikia mama wa miaka themanini na kitu akijibu kwamba yuko na paka. Kwetu mzee anarudi boma limejaa. Wakwe, wajukuu, majirani na uji. Wanamlisha, wanamwogesha, wanambeba mpaka kwenye kivuli cha mwembe na kumrudisha jioni, na kwa mapenzi hayo hayo mkono unaganda, vidole vinajikunja ndani ya kiganja na havikunjuki tena. Ukiwaambia mwacheni ajilishe mwenyewe hata akimwaga, wanakuona huna utu. Kama tungewaita siku ile ya ruhusa tukawaonyesha kwa nusu saa, watu wote hao wangekuwa jeshi ambalo Pittsburgh nzima haina. Hilo la kuwa na watu tukalipoteza bure ndilo linaloniuma kuliko ukosefu wa mashine.

Basi kwa nini yule dada alingojewa? Watu wa kwetu watanijibu haraka kwamba ni Wazungu tu, wanaheshimiana. Hapana. Hapa, tangu mwisho wa 2015, programu ya kumwandaa mtu kuanza kazi ya fiziotherapia haipati ithibati isipokuwa ni ya kiwango cha udaktari, DPT wanaiita, miaka mitatu hivi juu ya digrii ya kwanza. Si PhD kama yangu ya utafiti, ni ya kazi ya wagonjwa, lakini mtu anatoka hapo anajua kusoma picha ya eksirei, anajua dawa zinazomwangusha mzee, na anajua wakati wa kusema hili si langu, mpelekeni kwa daktari. Kufikia mwaka huo huo wa 2015, majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu, kwa viwango tofauti, mgonjwa aende kwa mtu wa fizio moja kwa moja bila barua ya daktari. Walipigania hayo kwa miaka mingi. Sidhani kila nchi inahitaji DPT, na sehemu ya jambo hilo naiona ni biashara ya vyuo kumpakia kijana madeni. Ila kungojewa hakukuja kwa tabasamu.

Sisi sheria tunayo. Ya fiziotherapia ilipita 2014, ya tiba kazi, ile ya kumwezesha mgonjwa kufanya shughuli zake za kila siku, 2017. Mabaraza yapo, leseni tunalipia. Lakini waliotaka kusoma zaidi ya digrii kwa miaka mingi walibeba mabegi, wengi wakaenda Chuo Kikuu cha Western Cape kule Afrika Kusini, na waliorudi baadhi yao walirudi kwenye meza ile ile, jirani na mochari ile ile, chini ya mkubwa ambaye akiwatafuta anasema, "Niitieni yule wa mazoezi."

Shangazi yangu wa Nyalenda, Mungu amuweke, aliniuliza kwa simu, "Kwani mtu anasomea kukanda mpaka PhD?" Yeye namsamehe, ananiombea kila Jumapili. Wa kutosamehewa ni mtu wa ofisi anayepanga bajeti ya kaunti na kuuliza hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingenufaika na huduma hizi. Kwetu ni vijana wa bodaboda wenye vyuma miguuni, kina mama wa kiharusi, watoto waliochelewa kulia walipozaliwa. Mtu anaokolewa na daktari kwa gharama kubwa, tunachanga mpaka tunauza ng'ombe, halafu anapelekwa nyumbani kukaa chini ya mwembe. Huko ni kununua gari na kukataa kununua matairi.

Ninachotaka si kikubwa. Kwenye ile karatasi ya ruhusa iongezwe mistari mitatu: anachuchumaa au hapana, choo kiko mbali kiasi gani, nani ameonyeshwa mazoezi nyumbani. Na sahihi ya mtu wa fizio au wa tiba kazi iwepo kabla ya muhuri wa keshia. Haihitaji mfadhili wala warsha ya hoteli ya Milimani.

Halafu mje wale wa "si urudi basi utusaidie." Nitarudi. Kila nikifungua tangazo la kazi la kaunti naangalia mstari wetu kwanza. Lililotoka juzi lilitaka diploma na uzoefu, kandarasi, hakuna zaidi. Nitaliomba hilo hilo nikimaliza, na nawajua, wataniambia nimesoma mno.