Mchanga Wetu Hauna Tumbo

Jumamosi, nikisafisha matuta kungojea masika, niling'oa mibiringanya miwili iliyokwisha kuzaa nikailaza juu ya gunia. Ilitoka kitalu kimoja, ikapandwa siku moja, ikanyweshwa maji ya kisima kimoja. Kilichotofautiana ni chakula tu. Tuta la kwanza kwa misimu minne halijaonja kitu ila mbolea ya dukani. Tuta la pili hupata samadi iliyoiva kabla ya kila upanzi, makarai kadhaa, kisha mbolea ile ile ya dukani, kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo.

Shina la kwanza nililitikisa mara moja, mchanga ukapukutika wote. Mizizi ilibaki mitupu, mifupi, imejikusanya karibu na juu pale mbolea ilipokuwa ikiwekwa. La pili nililitikisa, nikaligonga gotini, udongo ukakataa kutoka. Vimizizi vyembamba kama nywele vilikuwa vimevaa chembe za mchanga zilizogandana na mboji, na katikati ya bonge hilo alikuwamo nyungunyungu mmoja mnene, akijinyonganyonga kulikimbia jua.

"Mwanangu, mchanga wa huku hauna tumbo," mzee jirani yangu aliniambia mwaka nilioanza kulima hapa Utange, Mombasa. "Ukiulisha leo, kesho una njaa." Nilimwitikia kwa adabu, "Naam, babu," kisha nikaenda kununua urea, mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi. Niliimwaga juu ya tuta lenye unyevu kidogo saa sita mchana, nikaiacha wazi. Baada ya siku mbili kulikuwa na harufu kali ya kuchoma pua, na hiyo harufu ndiyo ilikuwa pesa yangu ikipaa. Urea ikiachwa juu ya ardhi yenye joto na unyevu kidogo hugeuka amonia na kuondoka na upepo, hasa udongo wenyewe ukiwa na chokaa ya matumbawe kama ulivyo sehemu nyingi za pwani yetu. Ilipasa kufukiwa, au kuwekwa wakati ambapo mvua au maji ya kumwagilia yataishusha chini mara moja. Aliyeniuzia hakunieleza hata neno.

Sasa kuna wenzetu wanaohubiri kwamba mbolea ya kiwandani ni sumu, na mkulima mwenye imani hana budi kurudi kwenye samadi peke yake. Sikubaliani nao. Mzizi hauli samadi. Mzizi hunywa naitreti (naitrojeni iliyo tayari kuyeyuka majini), amonia iliyoyeyuka, fosfati na potasiamu, na hauulizi vilitoka kwa ng'ombe au kiwandani. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna konde la ngano liitwalo Broadbalk lililo chini ya jaribio lile lile tangu 1843. Vipande vya samadi na vile vilivyopewa mbolea ya kutosha ya kiwandani vimekuwa vikitoa mavuno yanayokaribiana. Wapenzi wa gunia la dukani hupenda kulitaja konde hilo, na wana haki. Lakini kuna mambo mawili wasiyoyataja. La kwanza, mboji katika kipande cha samadi imepanda hadi zaidi ya maradufu ya ile ya vipande jirani. La pili, na hili ndilo letu sisi wa pwani, kule kuna udongo wa mfinyanzi, ule unaonata. Udongo huo hushika maji na chakula hata mboji ikiwa haba. Sisi tunalima mchanga. Ukiuondolea mboji, hakuna kingine kilichobaki cha kushika chochote.

Mboji ina chaji hasi, ndiyo maana huikamata amonia iliyoyeyuka, potasiamu na kalisi, zenye chaji chanya, zisisombwe. Naitreti nayo ina chaji hasi, kwa hiyo haishikwi; hufuata maji popote yaendapo. Kinachoweza kuisaidia ni kuyachelewesha maji yenyewe ili mzizi uwahi, na mboji hufanya hivyo kwa kuyanywa kama sponji. Mvua za masika zikishuka Mombasa mwezi wa Mei, naitreti iliyomwagwa kwenye mchanga mtupu huupita mzizi ikielekea chini. Chini kuna nini? Visima vyetu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa, kwa sababu ikizidi huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Vyoo vya shimo tayari vinavipa visima vyetu mzigo wa kutosha. Sioni kwa nini tuongeze mbolea tuliyoinunua kwa jasho.

Halafu kuna viumbe. Ule udongo wa milimita chache tu unaouzunguka mzizi ndio soko lenye shughuli nyingi kuliko yote shambani. Mmea humwaga sukari pale, bakteria na kuvu huja kula, na malipo yao ni kuuletea mmea fosforasi ambayo mzizi wenyewe usingeifikia. Ukijaza fosfati nyingi ya dukani kila msimu, mmea huacha kuwalipa kuvu hao, nao hupungua. Tena mbolea zenye amonia, DAP ya kupandia ikiwamo, huutia udongo asidi pole pole zikigeuzwa naitreti. Mwenye ardhi ya matumbawe hataiona asidi hiyo upesi, maana chokaa huimeza. Mwenye mchanga usio na chokaa ataiona mapema.

Anayedhani haya ni maneno ya vitabuni aende Bamburi. Pale palipo na bustani ya Haller palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mweupe uliokwanguliwa hata udongo haukubaki. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti pale, na mvinje ndio uliofaulu, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Lakini majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza. Dawa yake ilikuwa majongoo. Waliletwa wakayala majani hayo, kinyesi chao kikawa mboji, na mboji ikaota msitu. Jongoo huyu huyu ambaye watoto wetu humkimbia!

Hata hivyo samadi nayo ina hesabu yake, na wanaoisifu wanapaswa kuisema. Gunia la kilo 50 la CAN, mbolea ya kukuzia, yenye asilimia 26 ya naitrojeni, lina kilo 13 zake. Kuzipata hizo kutoka kwa samadi kavu ya ng'ombe, tuseme yenye asilimia 1.5, unahitaji karibu kilo 900, yaani magunia 18, na sehemu kubwa haitaachiliwa msimu huo. Nani atayabeba? Mama mwenye robo ekari na mkokoteni wa kukodi? Samadi mbichi ya kuku nayo huunguza miche kwa amonia na chumvi. Nimepoteza kitalu kizima cha sukuma wiki hivyo. Mbichi ya ng'ombe huja na mbegu za magugu, na si kitu cha kuweka karibu na mboga za kuliwa bila kupikwa. Ngoja iive. Mimi huirundika miezi mitatu, naigeuza, na sitii mkono mpaka harufu ya zizi igeuke harufu ya msitu baada ya mvua.

Kwa hiyo nasema samadi kwanza, ili mchanga upate tumbo, kisha mbolea ya dukani kidogo kidogo, mara mbili au tatu, karibu na shina, na kufukiwa. Na kunde katikati ya mahindi, kwa kuwa mizizi yake huleta naitrojeni bila kudai senti.

Linaloniuma ni soko la Kongowea. Nenda alfajiri uone majani ya kabeji, maganda ya ndizi, maembe yaliyopondeka, vyote vimechanganywa na plastiki, vikisubiri lori la taka. Serikali ilishusha gunia la mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, jambo jema. Lakini sijaona shilingi yoyote ya ruzuku ikimfikia mtu wa kutenganisha yale maganda na kuyaozesha, wakati mashamba ya Utange na Mwakirunge yako umbali wa safari moja ya lori. Kaunti iweke mapipa mawili tu sokoni, la mabaki ya mboga na la takataka nyingine, na kiwanja cha kuozeshea. Mimi nitakuja na mkokoteni wangu, na jirani zangu sita wameshaniambia watakuja na yao.